Ushanga Utokao Katika Moto Wetu

Bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa Pangani na kuzikwa huko huko, aliniachia kidani cha shanga kumi na saba za kioo, kila mmoja ukubwa wa kokwa ya zambarau, nyeupe kama tui, zenye mistari myembamba ya rangi ya damu ya mzee; na mwaka jana uzi wake ulipokatika, ushanga mmoja ukaanguka sakafuni ukapasuka. Nalikwenda kwa sonara, nikaenda kwa wauza shanga sokoni, kote nikaambiwa kwamba kitu kama kile hakiuzwi tena, hata nikaelekezwa kwenye karakana moja ya kioo nje kidogo ya mji wa Arusha, ambako binti fundi, baada ya kuniamkia na kunivutia kigoda, aliviinua vile vipande viwili juani akavitazama kitambo. "Mama," akasema, "huu haukutoka kwenye mashine. Ulizungushwa juu ya moto. Tazama mstari ulivyokolea huku mwanzo, kisha ukafifia. Hapa ndipo fundi aliponyanyua mkono." Niliona haya, kwa kuwa zaidi ya miaka arobaini nimekivaa kidani kile harusini na matangani, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza ni mkono wa nani.

Na haya hiyo, kwa maoni yangu, si yangu peke yangu. Watu wa pwani hii wameuza, wamenunua na wamevaa shanga za kioo kwa zaidi ya miaka elfu: zimefukuliwa Kilwa Kisiwani, zimefukuliwa katika mji wa kale uitwao Shanga huko kisiwani Pate, na nyingi katika hizo zilivuka bahari kwa pepo za kaskazi kutoka Bara Hindi. Baadaye zikaja za Venisi, ambako tangu mwaka 1291 mafundi wa kioo walihamishiwa kisiwa cha Murano kwa kuogopwa moto wa matanuri yao. Richard Burton, aliyetoka pwani kwenda Ziwa Tanganyika mwaka 1857, aliandika kwamba aina za shanga zilizojulikana katika biashara ile zilifika kama 400, na kila nchi ilikuwa na aina yake iipendayo, hata msafiri aliyekosea kuchagua mzigo wake hakuwa na tofauti na mtu aliyebeba kokoto. Misafara ya namna hiyo ilitoka Pangani pia, na pengine kidani cha bibi yangu ni masalio ya mizigo hiyo. Hata shanga ndogo ndogo wazitungazo akina mama wa Kimasai, ambazo dunia nzima huzitaja kuwa alama ya nchi zetu, aghalabu hutengenezwa Cheki, na siku hizi China. Utungaji ni wetu, na ni sanaa kubwa isiyohitaji utetezi wangu. Lakini kioo chenyewe tumekipokea tayari kimeiva.

Wako wasemao kwamba ndivyo ilivyoandikwa, kwamba Mwafrika na kioo hawakujuana ila kwa kununuliana. Kauli hiyo si kweli. Katika kijiji cha kale kilichopewa na wachimbuzi jina la K2, karibu na kilima cha Mapungubwe huko Afrika ya Kusini, watu wa karne ya kumi na moja na ya kumi na mbili walizichukua shanga ndogo zilizotoka ng'ambo, wakaziyeyusha pamoja ndani ya kalibu za udongo, wakapata shanga moja kubwa kwa namna waipendayo wenyewe. Na kalibu hizo zimeokotwa. Huko Ile-Ife, nchi ya Wayoruba, katika zama hizo hizo walitengeneza kioo chenyewe tangu asili yake, kwa mchanga na mawe ya nchi yao. Na Wakrobo wa Ghana hata leo huponda chupa zikawa unga, wakaujaza kalibuni, wakauoka. Basi maarifa haya si mgeni barani, bali ni jamaa tuliyepotezana naye.

Yule binti aliniruhusu nikae pembeni nitazame. Alivaa miwani ya zambarau hafifu, akanipa na mimi yangu, na nilipoivaa nalistaajabu, kwani ule mwako wa manjano unaoruka kioo kinaposhika moto ulizimika machoni, ikabaki ncha ya kioo peke yake, nyekundu, ikilegea kama asali ya baridi. Mkono wa kushoto alishika spoku ya baiskeli iliyochovywa udongo mweupe ukakaushwa, udongo huo ukiwa ndio utakaouwezesha ushanga kuchomoka. Mkono wa kulia alishika ujiti wa kioo, akaugusisha, akaanza kuzungusha. Asipozungusha, kioo hudondoka. Akizungusha kwa pupa, hupinda. Hakusema neno muda wote ule, na mimi sikuthubutu kumsemesha. Ulipotimia duara aliutia mstari kwa ujiti mwembamba kama uzi, akauonesha moto mara ya mwisho, kisha akauingiza katika tanuri ndogo upoe taratibu hadi asubuhi, maana ushanga ukiachwa kwenye upepo hupoa nje kabla ya ndani, ukagawanyika wenyewe mezani.

Jambo lililonishika zaidi alinieleza alipokuwa akipanga vipande vya chupa kwa ajili ya sahani. Kila kioo hujitanua kwa joto na kujikaza kwa baridi kwa kadiri yake, na kadiri hiyo hutegemea kilichotiwa ndani yake kiwandani. Hivyo vipande vya chupa mbili zisizo za asili moja vikilazwa pamoja katika joto la nyuzi 800 hivi, vitashikamana vizuri, vitang'aa, vitampendeza mnunuzi, kisha baada ya siku au mwezi ufa utapita katikati bila ya mtu kuvigusa. Kwa hiyo fundi mwaminifu hupanga chupa zake kwa jinsi, hukata sahani moja kutoka chupa moja, na huandika daftarini aliyoyajaribu. Daftari lake nililiona: kurasa nyingi za kalamu ya risasi, saa na joto, na mbele ya kila jaribio neno moja, "imekaa" au "imepasuka." Hiyo ni elimu, tena elimu ya haki, na naudhika nikisikia ikiitwa kazi ya mikono kana kwamba akili ilibaki nyumbani.

Kuhusu kioo cha rangi cha madirishani, atakaye kujua kwamba nacho si kigeni machoni petu na aende Unguja, akasimame mbele ya ile Dispensari ya Kale iliyoanzishwa na tajiri Tharia Topan mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, atazame vioo vya rangi vilivyokaa kati ya nakshi za mbao. Na Kitengela, kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani, aliasisi karakana ya vioo vya namna hiyo, na mwanawe Anselm akaongeza tanuri la kupulizia kioo. Arusha nayo iko karakana iitwayo Shanga, ambayo mafundi wake wengi ni watu wenye ulemavu, nayo hugeuza chupa kuukuu kuwa bilauri na mapambo. Hawa nawashukuru kwa dhati.

Lakini aghalabu anunuaye ni mgeni aliye safarini kwenda mbugani, na siku wageni wasipokuja, kama tulivyoona mwaka 2020, kazi yote hutetereka. Kazi inayotegemea abiria peke yao haina nyumbani. Simwambii mtu ashindane na viwanda vya Cheki katika shanga ndogo za kutunga. Hilo haliwezekani kwa bei, na si lazima. Ninachotaka ni kwamba msikiti ukijengwa, kanisa likijengwa, shule ikipata ukumbi, waulizwe kwanza mafundi wetu kuhusu madirisha. Na kwamba wakuu wa vyuo vya ufundi wakitie kioo katika orodha ya masomo pamoja na useremala na uashi, wapokee wanagenzi, wamlipe mtu kama yule binti afundishe yaliyomo daftarini mwake kabla hajachoka au hajahamia kazi nyingine.

Nitajibiwa kwamba mali ghafi haipo na rangi ni ghali. Rangi ni ghali, nakubali. Ama mali ghafi, kila mtaa siku hizi una fundi wa madirisha ya aluminiamu, anayekata kioo kwa almasi kutwa nzima, na mabaki yake, yakiwa yametoka katika bamba moja, hupatana yenyewe kwa yenyewe tanurini bila ya wasiwasi wa chupa. Yule binti alinionesha sahani aliyoitengeneza kwa mabaki hayo, waya wa shaba ukiwa umelazwa kati ya tabaka mbili, nao umeacha humo kivuli cha samawati.

Ushanga wangu nilipewa siku ya pili, wa kijani cha chupa ya soda kwa kuwa nyeupe ile haikupatikana, nami nimeutunga katikati ya zile kumi na sita. Niliporudi nyumbani nilipita kwa fundi wa madirisha wa mtaani kwetu, nikamwuliza mabaki yake huyafanya nini. Akanionesha magunia matatu nyuma ya kibanda, akaniambia kwamba kila mwisho wa mwezi humlipa mwenye mkokoteni ayapeleke jalalani.