Tahadhari: Januari 2028 Isizikute Kanuni za 2002

Mwishoni mwa 2027 watoto wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza elimu ya msingi kwa pamoja, na Januari 2028 wataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Si uvumi. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na waliokuwa darasa la tatu mwaka huo wakawekwa kwenye mfumo wa miaka sita. Waliowatangulia kwa darasa moja walibaki kwenye mfumo wa zamani wa miaka saba. Hesabu hiyo kila mzazi wa Ihanda, wilayani Karagwe, anaweza kuifanya mwenyewe. Sekondari za kata katika Karagwe na Kyerwa, kama za nchi nzima, zitapokea vidato viwili ndani ya kimoja.

Kila panapozungumzwa jambo hili, mazungumzo huwa ya vyumba vya madarasa, madawati, matundu ya vyoo na upungufu wa walimu. Ni sawa, yazungumzwe. Ila kuna jambo halitajwi, nalo halihitaji tofali hata moja: kanuni zitakazowatawala watoto hao siku watakapofika. Kanuni hizo ni za mwaka 2002, zimetungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978. Moja ni Tangazo la Serikali Na. 294, linalohusu viboko. Jirani yake ni Na. 295, linalohusu kumfukuza mwanafunzi shule. Tukiwajaza watoto madarasani huku kanuni hizi zikiwa kama zilivyo, tutaumiza watoto wengi, na pamoja nao walimu.

Nianze na fimbo.

Wazazi wengi, na nasikitika kusema hata walimu wengi, hawajawahi kuisoma kanuni yenyewe. Wanajua tu kwamba mwalimu anaruhusiwa kuchapa. Kinachoruhusiwa ni kidogo sana kuliko wanavyodhani. Viboko visizidi vinne kwa wakati mmoja. Vitolewe kwa utovu mkubwa wa nidhamu au kosa zito. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyekabidhiwa madaraka hayo na mkuu kwa maandishi, na hata huyo lazima apate idhini ya mkuu kila mara. Fimbo iwe nyepesi, ipige kiganjani au matakoni juu ya nguo, isiguse sehemu nyingine ya mwili. Msichana achapwe na mwalimu wa kike au mkuu wa shule, isipokuwa pale ambapo shule haina mwalimu wa kike. Umri na afya ya mtoto vizingatiwe. Kisha yote yaandikwe kitabuni: kosa, idadi ya viboko, jina la mwalimu aliyechapa, na mkuu aweke saini.

Sasa tazama kinachofanyika. Mwalimu wa zamu anasimama na fimbo asubuhi, na aliyechelewa namba anachapwa palepale. Jaribio la hesabu likirudi, kila swali lililokosewa ni kiboko kimoja. Mtoto aliyekosa maswali kumi anapata viboko kumi, na hakuna kitabu kinachofunguliwa. Kushindwa hesabu si utovu wa nidhamu. Kuchelewa kwa sababu ulitumwa maji kabla ya jua kuchomoza si kosa zito. Haya yote yako nje ya kanuni, na yanafanyika mchana kweupe kwa sababu kanuni imekwisha kuihalalisha fimbo kuwapo mkononi. Anayepita barabarani akiona mwalimu anachapa hawezi kujua kama ni kiboko cha tatu au cha tisa, wala kama idhini imetolewa. Hivyo anaendelea na safari yake.

Uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika 2009 na kuchapishwa 2011, ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya vijana walioulizwa, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepigwa ngumi, mateke au fimbo na mwalimu kabla ya kufikisha miaka 18. Ngumi na mateke hayamo kwenye kanuni yoyote.

Na mkoa wetu wa Kagera una kumbukumbu ambayo haipaswi kufifia. Agosti 2018, katika Shule ya Msingi Kibeta mjini Bukoba, mwanafunzi wa darasa la tano alipigwa kwa tuhuma za kuiba pochi ya mwalimu, akafariki dunia. Alikuwa na miaka 13. Machi 2019 Mahakama Kuu Bukoba ilimtia hatiani mwalimu wa nidhamu kwa kosa la mauaji na kumhukumu kunyongwa. Siku ile Kagera iliwalilia watu wawili, mtoto aliyekwisha kuzikwa na mwalimu aliyeingia shuleni asubuhi akiwa mtumishi wa umma.

Wapo wanaosema kisa cha Kibeta hakihusiani na kanuni, kwa kuwa kilichofanyika pale kilikuwa tayari kinakatazwa. Hoja hiyo nimeifikiria sana na siikubali. Kanuni inayoruhusu vinne na kukataza cha tano inataka mtu mwenye hasira ahesabu, na hasira haihesabu. Ndiyo maana majirani zetu waliacha kuhesabu. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001. Uganda ilivipiga marufuku kwa sheria mwaka 2016, ilipofanya marekebisho ya Sheria ya Watoto. Mtoto wa Kyerwa akivuka Mto Kagera pale Murongo na kuingia Kikagati, ameingia nchi ambayo fimbo mkononi mwa mwalimu ni ushahidi wa kosa. Akirudi ng'ambo ya huku, fimbo hiyo hiyo ni kifaa cha kazi.

Kanuni ikilegea, hailegei kwa walimu peke yao. Oktoba 2019, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya, Albert Chalamila, aliwachapa hadharani wanafunzi 14 wa Sekondari ya Kiwanja wilayani Chunya. Mkuu wa mkoa hatajwi popote katika kanuni ya viboko. Hata hivyo Rais wa wakati huo, John Magufuli, alimsifu. Kama kiongozi wa ngazi hiyo anaweza kushika fimbo mbele ya kamera na kupongezwa, mwalimu aliyebaki na watoto wengi kupita kiasi katika kidato cha kwanza cha 2028 atazuiwa na nini?

Kanuni ya pili, ile ya kufukuza shule, haipigi kelele kama fimbo, lakini majeraha yake hudumu zaidi. Inaruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu unaoendelea, kwa makosa ya jinai, kwa kosa dhidi ya maadili, na kwa kuingia katika ndoa. Isome neno kwa neno na utagundua kwamba ujauzito haujatajwa. Ni yale maneno "kosa dhidi ya maadili" yaliyovutwa na kunyooshwa hadi yakamfunika kila binti aliyebeba mimba. Shule zikawapima wasichana mkojo na kuwapapasa matumbo, na aliyebainika akaambiwa akachukue mabegi yake. Juni 2017, akiwa Chalinze, Rais Magufuli alisema hakuna mwenye mimba atakayerudi shule ya serikali, na kwa miaka minne kauli hiyo ndiyo iliyofuatwa.

Tafakari ukali wake. Mwaka 2016 Bunge liliiongezea Sheria ya Elimu kifungu cha 60A, ambacho kinampa kifungo cha miaka 30 anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi. Kwa hiyo mbele ya sheria binti huyu ametendewa uhalifu, na mbele ya kanuni ameutenda. Anayeozeshwa na wazee wake akiwa kidato cha pili, mwenye kumwoa anakabiliwa na jela, naye binti anakabiliwa na kufukuzwa. Hakuna mzazi ambaye angeandika hivyo kuhusu mwanawe.

Novemba 2021 Profesa Joyce Ndalichako, akiwa Waziri wa Elimu, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo waliojifungua, watarejea katika mfumo rasmi. Waraka Na. 2 wa mwaka huo ukatoka. Ilikuwa hatua njema na imewarudisha mabinti darasani. Lakini hapa ndipo hofu yangu ilipo, na ninaomba anayesoma asipite haraka. Waraka haufuti kanuni. Waraka ni maelekezo ya ofisi kwa watendaji wake. Kanuni ni sheria ndogo iliyotangazwa katika Gazeti la Serikali, na huondoka kwa tangazo jingine kama hilo. Kilichofunguliwa kwa waraka hufungwa kwa waraka, hata kwa kauli ya jukwaani, kama ilivyotokea Chalinze. Mwaka 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, katika shauri lililofunguliwa dhidi ya Tanzania, iliitaka serikali pamoja na mengine iondoe ndoa katika sababu za kumfukuza mtoto shule. Ahadi ya mdomo haitoshi.

Upo pia mgongano mpya. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mjini Dodoma mwanzoni mwa Februari 2025, inafanya elimu kuwa ya lazima kwa miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtoto analazimishwa awe darasani hadi kidato cha nne. Kisha kanuni inaipa shule mlango wa kumtolea kwa kosa lisilo na mipaka. Shule ikizidiwa na idadi ya watoto, mlango huo utatumika. Sisemi walimu wakuu ni watu wabaya. Nasema mtu aliyebanwa hutumia kilicho karibu, na kilicho karibu ni fimbo na barua ya kufukuza.

Najua jibu litakalotoka kwa wazazi wenzangu: mtoto asipochapwa ataharibika, sisi tulichapwa na tumekuwa watu. Jibu hilo nalisikia kwenye vikao vya harusi, kwenye misiba na kanisani, na wanaolisema wanawapenda watoto wao. Lakini fimbo hii tuliyoikuta shuleni ina ukoo. Utawala wa Wajerumani uliwachapa babu zetu viboko 25, hamsa ishirini, ili walime pamba na kubeba mizigo. Nidhamu iliyotafutwa pale ilikuwa ya mtu asiyeuliza. Katika kidato cha kwanza tunamtaka mtoto anayeuliza.

Na si kweli kwamba bila fimbo hakuna njia. Wilayani Luwero, Uganda, shule 42 za msingi zilishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Nusu yake zilifanya kazi kwa miezi 18 na mpango ulioandaliwa na shirika la Raising Voices: walimu, wanafunzi na uongozi wanakubaliana taratibu za shule, na walimu wanafundishwa namna nyingine za kumrudi mtoto. Mwishoni, asilimia 31 ya watoto katika shule hizo walisema wamepigwa na mtumishi wa shule wiki iliyopita, dhidi ya asilimia 49 katika shule nyingine. Ukatili haukuisha, lakini ulipungua sana, kwa walimu walewale na mishahara ileile.

Mwalimu naye anastahili kutendewa haki katika jambo hili. Huwezi kumnyang'anya fimbo ukamwachia darasa lililofurika, bila mshauri wa wanafunzi, bila semina, bila mkuu wa shule mwenye muda wa kumsikiliza. Mafunzo yaanze sasa, katika vituo vya walimu vya kata, yasisubiri Januari ile. TAMISEMI na Chama cha Walimu wakae meza moja juu ya hili. Kibeta ilituonyesha kwamba kanuni hii inamweka mwalimu ukingoni mwa shimo na kumwambia ajiangalie mwenyewe.

Jambo linalonipa haraka ni kwamba kubadili kanuni hizi hakuhitaji bajeti wala mjadala wa Bunge. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Elimu kinampa Waziri mamlaka ya kutunga kanuni hizi. Aliyezitunga 2002 alikuwa Waziri, na wa leo anaweza kuzifuta kwa saini moja na tangazo katika Gazeti la Serikali. Aifute kanuni ya viboko. Katika ile ya kufukuza, aondoe ndoa na aondoe "kosa dhidi ya maadili", na aandike wazi kwamba ujauzito na uzazi si sababu ya mtoto kukosa shule. Kisha kila halmashauri, Karagwe na Kyerwa zikiwamo, ipeleke maandishi hayo kwa Kiswahili hadi kwenye mbao za matangazo za shule.

Wazazi wa Ihanda tusikae tukisubiri Dodoma. Katika kikao kijacho cha wazazi, muulize mwalimu mkuu kitabu cha adhabu kiko wapi, na umwombe akifungue mbele ya kamati ya shule. Uliza ni walimu gani wamekabidhiwa madaraka ya kuchapa kwa maandishi. Kama kitabu hakipo, kila kiboko kilichochapwa pale kilikwenda kinyume cha kanuni, na afisa elimu kata anapaswa kuelezwa hivyo. Binti yako au wa jirani akikataliwa kurudi baada ya kujifungua, nenda na Waraka Na. 2 wa 2021 mkononi, na usikubali jibu la mdomo. Dai jibu lenye muhuri. Mtoto akirudi nyumbani na alama mgongoni, kichwani au miguuni, mpeleke kwanza hospitali, kisha Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au ofisi ya ustawi wa jamii siku hiyo hiyo. Huduma ya Simu kwa Mtoto inapatikana kwa namba 116, na kupiga hakuna malipo.