Kushukiwa Si Kuhukumiwa

Hakuna mwananchi mwenye nia njema anayeweza kuwatetea wezi wa fedha. Bandubandu huisha gogo, na hazina isiyolindwa hukauka vivyo hivyo. Ndiyo sababu siku hizi kazi ya kuwatambua wezi hao hupewa pia wataalamu wa takwimu, ambao hutunga kanuni za hesabu na kuiachia kompyuta ipime kila malipo: kiasi chake, saa yake, mahali yalikotoka, na jinsi yanavyotofautiana na mazoea ya mwenye akaunti.

Kazi hiyo ni njema. Lakini hatuna budi kujiuliza: mkuu anayeiongoza apimwe kwa kipimo gani?

Tuchukue mfano. Katika malipo 100,000, tuseme 100 ni ya wizi. Kanuni inayonasa wizi 90 katika kila 100, na kukosea mara moja tu katika kila malipo 100 halali, yaonekana kuwa bora sana. Hata hivyo, itanasa malipo 90 ya wizi pamoja na malipo 999 ya watu wasio na hatia. Kwa kila mwizi mmoja, waadilifu 11 watatiwa mashakani. Huenda mmoja wao ni mwalimu aliyetuma karo ya mwanawe usiku, akiwa safarini.

Hatari hii si ya kubuni. Nchini Uholanzi, idara ya kodi ilitumia kompyuta kuwapanga waombaji wa posho ya malezi ya watoto kwa kadiri ya kushukiwa kwao, na uraia ukawa miongoni mwa vigezo. Maelfu ya wazazi walituhumiwa bila haki, wakadaiwa fedha nyingi na kutumbukia katika madeni. Januari 2021 serikali ya Waziri Mkuu Mark Rutte ilijiuzulu kwa sababu ya kashfa hiyo.

Fundisho lake ni wazi. Mkuu wa kazi hii asihesabu wezi walionaswa tu. Ahesabu pia waliosingiziwa. Kila anayeshukiwa aelezwe sababu, asikilizwe na binadamu mwenzake, na akionekana hana kosa arudishiwe haki yake upesi.

Nasi watumishi wa umma tusijifiche nyuma ya kauli kwamba kompyuta imekataa. Cheo ni dhamana, na dhamana hiyo haikabidhiwi mashine.