Panga mbili pekee hazitoshi

Mwandishi wa makala, umeitaja alama ya panga mbili za Meissen kana kwamba ni kitambulisho cha taifa. Kiwanda kile cha kauri cha Ujerumani kilianza mwaka 1710, na alama yake imeigwa tangu karne ya 18, hata Uingereza. Igeuze sahani. Panga halisi huchorwa kwa mkono, kwa buluu, chini ya tabaka la juu linalong'aa, hivyo ukipitisha kidole hukwami popote. Zikikatwa na mkwaruzo, kiwanda chenyewe kiliona kasoro. Na ukikuta “Made in Germany”, muuzaji asikudanganye kuwa ni ya karne ya 18. Maneno hayo yalienea baada ya sheria ya Uingereza ya 1887.

Huku kwetu Puta, pwani ya Ziwa Mweru, urithi wa bibi ni vikombe vya bati. Lakini Lamu na Unguja bakuli nyingi za maua zilitoka Maastricht, Uholanzi, nazo si kauri: ziinue mbele ya taa, mwanga haupiti. Kwenye kauri utaona kivuli cha vidole vyako. Wauzaji, tuwekeeni picha ya kitako kwanza, bei baadaye.