Mzee wa Shamba na Mikarafuu Aliyoiacha

Mwezi uliopita, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Wete, Pemba, alizikwa mzee ambaye jina lake halikupata kuandikwa gazetini, na kwa kuwasitiri watu wake hatutaliandika leo. Hakushika cheo. Alikuwa mkulima. Ameacha mjane, watoto tisa, na shamba la mikarafuu ambayo mingi aliipanda kwa mkono wake mwenyewe.

Wasomaji wetu wa mashamba wanaijua kazi hiyo. Wa maofisini huenda wameisahau. Mche wa mkarafuu hutiwa ardhini masika, ukafunikwa kivuli cha makuti, na kaskazi ikija hauna budi kumwagiwa maji, la sivyo hufa. Aliyeupanda hungoja miaka sita, saba, hata minane kabla ya kuchuma. Marehemu alikuwa akitoka msikitini alfajiri huteka maji kisimani, akayachukua kwa mzegazega hadi kondeni, na jua likichomoza amekwisha. Katikati ya mikarafuu alitia migomba na mihogo, na kwa hiyo nyumba yake haikulala na njaa hata katika miaka mibaya.

Na miaka mibaya ilikuwapo. Katika miaka ya 1980 Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa, ilijitosheleza kwa karafuu zake, bei ikaanguka. Wengi waliyatupa mashamba yakaota msitu. Yeye aliendelea kupalilia. Wala hatukupata kusikia kwamba gunia lake lilivuka usiku kwenda Shimoni, ingawa njia hiyo ilijulikana hata na watoto.

Sasa yamefika mambo ya mirathi. Mjane ana thumuni yake, mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Hiyo ni sheria na hatuna neno juu yake. Tunalolihofia ni lile la baada ya hapo. Mrithi mmoja yuko Muscat, wengine wako Unguja, na mwenye miti yake michache asiyeweza kuifikia huikodisha msimu kwa mtu mwingine. Mkodi hana haja na mti wa mwakani. Huvunja matawi apate kuchuma upesi, na mti ukifa hapandi mwingine mahali pake. Mashamba mangapi ya Pemba yamekwisha kwa njia hiyo, kila mwenye kupita barabarani anajionea.

Twaiomba Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, pamoja na wizara ya kilimo, zishirikiane katika jambo moja dogo: siku ya kugawa shamba, bwana shamba awepo. Ahesabu mikarafuu, aoneshe iliyo hai, iliyozeeka na mapengo. Kisha warithi wamteue mmoja wao awe mwangalizi, ujira wake ujulikane, na maafikiano hayo yaandikwe mbele ya sheha. Miche serikali imekuwa ikiigawa kwa miaka mingi. Kinachokosekana ni mtu wa kuitunza.

Katika shamba la marehemu ipo miche aliyoipanda masika yaliyopita, alipokuwa tayari akitembea kwa mkongojo. Kaskazi imeanza kuvuma, na hadi tunakwenda mitamboni warithi hawajakubaliana nani ataimwagia maji.