Binti Hahitaji Mahubiri Yenye Jalada

Mwandishi wa makala ya wiki iliyopita ametuasa kwamba binti anayeingia kidato cha kwanza apewe hadithi za wasichana wema tu, zenye funzo bayana ukurasa wa mwisho. Hayo ni mahubiri yaliyovishwa jalada. Binti wa miaka 13 atayanusa kabla hajafika sura ya pili.

Akatutishia kwa riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 ikapigwa marufuku shuleni. Sawa, hata mimi nisingempa mtoto wa umri huo. Ngoja akomae kidogo. Lakini nina shaka kama ndugu yangu ameisoma. Kilichomponza Rosa si vitabu. Alilelewa kwa fimbo na baba mlevi, akapigwa kwa sababu ya barua ya mvulana, asielezwe lolote kuhusu dunia, kisha akafunguliwa mlango aende.

Na kwa nini wasichana tu? Siku Njema ya Ken Walibora inamfuata mvulana, Kongowea, kutoka Tanga hadi Kitale. Binti wangu aliimaliza kwa siku mbili, chai ikipoa mezani.

Mzazi, mpeleke binti dukani achague vitabu viwili mwenyewe. Cha tatu chagua wewe, ila ukisome kwanza.