Kukitetea Kipimamwanga

Wapiga picha wetu wana hukumu moja wanayoitoa haraka mno. Picha za harusi zimetoka, uso wa bibi harusi umekuwa giza. Au picha za ufukweni zimefifia zote, utadhani zilipigwa magharibi. Mwenye kamera anazipitia, anaguna, anasema: "Kipimamwanga cha hii kamera kimekufa." Wiki haiishi, kamera iko mezani kwa fundi, au inatafutiwa mnunuzi kwa bei ya kutupa.

Hukumu hiyo si ya kipuuzi. Ina historia, na historia yake ni ya kweli. Kamera nyingi za filamu za zamani zilipima mwanga kwa seli za seleniamu, na seli hizo huchoka kadiri miaka inavyokwenda. Zilizofuata zilitumia seli za kadimiamu pamoja na betri ya zebaki ya volti 1.35. Betri za zebaki zilipoondolewa madukani (Marekani ilitunga sheria yake mwaka 1996), watu waliweka za alkali za volti 1.5, na kamera nyingi zikaanza kusoma vibaya. Mzee aliyejifunzia kazi kwenye kamera ya aina hiyo ana kila haki ya kushuku kipimamwanga kwanza.

Lakini kamera ya dijitali ni kifaa kingine. DSLR, yaani kamera ya dijitali yenye kioo cha ndani, hupima kwa sensa ya silikoni, ambayo haichoki kwa namna ile. Kamera zisizo na kioo cha ndani hazina hata kipimamwanga cha pembeni: sensa inayopiga picha ndiyo hiyo hiyo inayopima, kwa hiyo ingekufa, kusingekuwa na picha ya kulalamikia. Picha yenye giza inathibitisha jambo moja tu, kwamba ina giza. Kati ya giza hilo na kipimamwanga kuna mambo mengi, na ni haki kuyakagua kabla ya kufika mwisho wa mstari.

Kwanza, tukubaliane kipimamwanga hufanya kazi gani. Hupima mwanga unaodunda kutoka kwenye kitu na kuingia kwenye lenzi. Hakijui kitu chenyewe ni nini. Kimewekewa dhana moja: kwamba mandhari yoyote, ukichanganya weusi wake na weupe wake, inakaribia kijivu cha wastani, kile cha kadi ya kijivu inayorudisha asilimia 18 ya mwanga. Jaza fremu kwa kanzu nyeupe upige, halafu jaza fremu kwa buibui jeusi upige tena, huku kamera ikiamua mwanga yenyewe. Utapata picha mbili zinazokaribiana sana, zote za kijivu. Kanzu imetiwa giza, buibui limepaushwa, na kipimamwanga kimefanya kazi yake barabara mara zote mbili.

Sasa rudi kwenye harusi. Shela jeupe limejaza nusu ya fremu, mapambo nyuma ni meupe, na uso ni sehemu ndogo katikati. Kamera inavuta weupe wote ule ushuke kuelekea kijivu, na uso unaburutwa nao. Mchanga mweupe wa ufukwe wa Paje, Zanzibar, hufanya vivyo hivyo saa sita mchana. Mzani ukipima gunia lenye mawe ndani ya mchele, mwenye lawama si mzani. Dawa ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa: ongeza stopu moja, au moja na nusu, pale weupe unapotawala, punguza moja pale weusi unapotawala. Stopu moja ni mwanga maradufu, au nusu yake.

Hapa msomaji makini atapinga, na pingamizi lake ni zito. Atasema kamera za leo si za kijinga hivyo. Tangu Nikon FA ya mwaka 1983, kamera zimekuwa zikigawa fremu katika vipande, zikilinganisha kipande na kipande. Za sasa zinatambua hadi uso wa mtu. Kwa nini zidanganywe na shela?

Nakubali kwamba upimaji wa vipande umepunguza makosa, tena sana. Ila haukuyamaliza, wala hauwezi, kwa sababu ya jambo ambalo hakuna programu inayoweza kulikwepa. Kitambaa cheupe kilicho kivulini na kitambaa cha kijivu kilicho juani vinaweza kurudisha kwenye lenzi kiasi kile kile cha mwanga. Namba ni moja, ukweli ni tofauti. Kamera inabaki kukisia kwa kutazama vitu vya jirani, na anayekisia hata awe hodari vipi atakosea siku fulani. Mpiga picha, kwa upande wake, anajua kwamba lile ni shela. Taarifa hiyo anayo yeye, na kitufe cha kujumlisha na kutoa ndiyo njia ya kuifikisha kwa kamera.

Pingamizi la pili ninalolisikia ni kwamba kamera zilitengenezwa kwa kuangalia ngozi nyeupe, ndiyo maana nyuso zetu hutoka giza. Kuhusu rangi za filamu, dai hilo lina msingi: kwa miongo mingi Kodak ilisambaza kadi za kusawazishia rangi zenye picha ya mwanamke Mzungu. Kuhusu kipimamwanga, hata hivyo, mantiki inakwenda kinyume. Elekeza upimaji wa doa, unaosoma sehemu ndogo tu ya fremu, kwenye uso mweusi tii, na kamera itauinua hadi kijivu, uso upauke. Elekeza kwenye uso mweupe, utashushwa uwe giza. Sheria ni moja kwa wote. Uso wetu unapotoka giza, mara nyingi sababu ni dirisha, anga au nguo iliyo jirani nao. Wanaopiga picha za watu wa rangi mbalimbali wana njia nzuri: hupima kiganja, kikiwa kwenye mwanga ule ule unaomwangukia mhusika, halafu huongeza takriban stopu moja. Viganja vya watu havitofautiani sana kama nyuso zao.

Pili, kuna mipangilio iliyosahaulika. Hapa sitakawia, kwa kuwa kuikagua ni kazi ya dakika moja. Kitufe cha kujumlisha na kutoa kimebaki kwenye hasi moja tangu kazi ya juzi. Katika DSLR nyingi hakijirudishi sifuri hata ukizima kamera. Upigaji wa picha tatu tatu umeachwa ukiwa umewashwa: dalili yake ni picha moja sawa, moja giza, moja imepauka, kisha mzunguko unaanza upya. Upimaji wa doa umeachwa nao, hivyo namba zinaruka kila unaposogeza kamera kidogo. Au kamera iko kwenye M, yaani unapanga mwenyewe, ambako kipimamwanga hushauri tu, hakiamui, isipokuwa ISO ikiwa ya kujiendesha. Na kuna wanaoihukumu picha kwa kutazama skrini kwenye jua kali, ambako kila picha huonekana giza. Fungua histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, hiyo haijali jua.

Tatu, vipo viungo vingine vinavyoharibika, na kipimamwanga kikabebeshwa kesi yao. Unapochungulia, lenzi ya DSLR huwa wazi kabisa. Bapa zake hujifunga hadi kipimo ulichochagua wakati ule tu unapobonyeza. Bapa zikiwa na mafuta yaliyovuja, au kile kikono kidogo cha lenzi za Nikon kikiwa kimepinda, hazifungi kwa wakati na picha inajaa mwanga. Utalijua kosa hili kwa sura yake: f/2.8 iko sawa, f/11 imepauka. Kipimamwanga kibovu hakingekuwa na sababu ya kuchagua hivyo. Shata nayo ina sura yake: 1/60 sawa, 1/4000 giza au mstari mweusi upande mmoja.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha ukumbini. Picha zinapigwa mfululizo, mpangilio ni ule ule, na bado moja inang'aa, inayofuata imefifia na ina rangi ya manjano. Lawama kwa kamera! Kumbe ni taa. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, kwa hiyo taa za tyubu, na baadhi ya taa za LED, hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/500 unanasa kipande tu cha mpepeso, mara kileleni, mara bondeni. Shusha kasi iwe 1/100 au 1/50 na ugonjwa unatoweka.

Je, kipimamwanga cha DSLR hakiharibiki kamwe? Huharibika. Maji, hewa ya chumvi na kuanguka hufanya kazi yao, na kwa kuwa sensa yake ya kupimia hukaa juu karibu na tundu la kuchungulia, hata kubadilishiwa kioo cha kulengea huweza kupotosha usomaji wake. Mwanga unaoingilia nyuma, kamera ikiwa juu ya stendi na hakuna jicho lililoziba tundu, huidanganya vilevile. Ninachodai ni ushahidi, na ushahidi unapatikana bure. Rudisha kila nyongeza na punguzo la mwanga kwenye sifuri. Toka nje kwenye jua la mchana lisilo na wingu, weka ISO 100, na upime kadi ya kijivu iliyopigwa na jua moja kwa moja. Ukiikosa, majani mabichi yanafaa. Kanuni ya zamani inasema f/16 kwa 1/100 au 1/125, na kamera nzima itakuwa jirani na hapo. Kisha pima kitu hicho hicho kupitia skrini, ambako sensa kuu ndiyo inayopima, na ulinganishe na kipimo cha tundu la kuchungulia. Rudia kwa lenzi nyingine.

Vipimo vikilingana, kipimamwanga ni kizima na mshukiwa yuko kwingine. Vikitofautiana kwa kiasi kile kile kila mara, bado huenda hela ya fundi haihitajiki: baadhi ya kamera za Nikon zina menyu ya kusahihisha kipimo kwa sehemu ya sita ya stopu, hadi stopu moja juu au chini. Vikirukaruka bila mpangilio, kwa kila lenzi, kwenye tundu la kuchungulia peke yake, mpelekee fundi kamera pamoja na picha hizo za majaribio.