SIMU YA MTUMBA: MACHO KWANZA, FEDHA BAADAYE



Mavuno yamekwisha, fedha kidogo imeingia mfukoni, na kama ilivyo kila mwaka walanguzi wamekwisha sikia harufu. Safari hii hawakuja na mizani ya wizi wala lumbesa. Wanatungoja stendi na minadani, simu mkononi, maneno matamu mdomoni.

Juzi mwenzetu mmoja aliuza gunia tatu za mahindi, akaenda mjini kununua simu ya tachi iliyokwisha tumika. Kijana akamwambia, "Mzee, chukua haraka, kuna mtu anaisubiri hii." Mzee akaona kioo kinawaka, picha nzuri, akatoa fedha. Kufika nyumbani, yeye anaongea, wa upande wa pili hasikii kitu. Siku ya tatu simu ikajifunga yenyewe, inadai deni. Kumbe ilikuwa ya mkopo na aliyeikopa hajamaliza kulipa! Kurudi mjini, kijana hayupo na hakuna anayemfahamu. Palizi mbili, mbolea, jasho la msimu mzima, vyote vimekwenda kwa dakika tano.

Wapo wanaomcheka. Sisi tunasema asichekwe. Mzee huyu akinunua ng'ombe humfungua mdomo akatazama meno, humtembeza, huuliza katoka zizi la nani. Basi kwa nini kwenye simu aliona haya? Kwa sababu ya kasumba. Tumeaminishwa kwamba simu ni mambo ya vijana wa mjini, na mkulima akiuliza-uliza ataitwa mshamba. Kasumba hiyo ndiyo mtaji wa tapeli. Haraka anayotutia ndiyo biashara yake, simu ni chambo tu.

Tena simu leo si pambo. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, simu imekuwa pochi ya mkulima. Mbolea ya ruzuku ilipotolewa msimu wa 2022/2023, namba za mkulima zilikuja kwa simu. Mwenye simu mbovu anachelewa kama mwenye jembe lililovunjika mpini.

Kwa hiyo tukague, tena mchana, na mwenzako akiwa pembeni:

1. Nenda na laini yako. Ipachike, piga, ongea, sikiliza. Kisha upigiwe. Kama simu ni ya laini mbili, jaribu pande zote mbili.

2. Bonyeza *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15, ndiyo IMEI, sawa na alama ya ng'ombe. Simu ya laini mbili inazo mbili. Linganisha na boksi. Kwa kitochi tazama pia chini ya betri. Kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090. Jibu hutaja aina ya simu. Likitaja aina nyingine na hiyo uliyoshika, mrudishie mwenyewe.

3. Chomeka chaja uone inapokea moto. Ilaze mezani. Ikiyumba kwa kuwa mgongo umetuna, betri imevimba, na betri iliyovimba ni hatari ndani ya nyumba.

4. Muuzaji afute kila kitu mbele yako, iwake upya. Ikidai akaunti ya mtu mwingine na yeye hana neno la siri, simu hiyo si yake. Kama ilikuwa ya mkopo, akuonyeshe deni limekwisha.

5. Ukishaijaribu usiiachie mkononi mwako. Usikubali "ngoja nikufungie vizuri." Wapo waliofungua boksi nyumbani wakakuta kipande cha sabuni.

6. Muandikiane: majina, namba za vitambulisho, IMEI, bei, tarehe, shahidi. Muuzaji asiyetaka kuandika, muache na mali yake.

Sasa tuseme lile lisilopendeza. Wapo kati yetu, tena wanachama, wanaojua kabisa kwamba simu ni ya wizi na bado wananunua, eti kwa kuwa ni bei ya kutupa. Hao tunawaambia wazi: mwizi hana soko ila wewe. Leo ukinunua ya mama aliyeporwa Mwanjelwa, kesho ya mkeo itauzwa Mafinga, na utamlaumu nani? Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inasema kupokea mali ya wizi ni kosa. Tena aliyeibiwa akichukua RB polisi na kutoa taarifa kwa kampuni ya laini yake, simu hufungiwa kwenye mitandao yote. Unabaki na tochi.

Tusisahau ya mwaka 2016. Usiku wa tarehe 16 Juni Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima. Waliozileta na kuziuza walikuwa wamekwisha kula faida. Aliyebaki na kioo cheusi mkononi ni mnunuzi mdogo.

Mtu atasema, "Maskini hachagui." Huo ni uongo! Maskini ndiye anayepaswa kuchagua kuliko wote. Tajiri akitapeliwa ananunua nyingine jioni ileile. Sisi tunangoja mvua nyingine.

Tunapeleka mambo matatu kwenye mkutano ujao wa wanachama. Kwanza, mtu asiende kununua simu peke yake. Vijana wetu wanaojua simu wasindikize wazee, bila malipo. Pili, ofisi ya ushirika iwe na daftari la IMEI za wanachama, ili simu ikiibwa tuwe na namba ya kupeleka polisi siku hiyohiyo. Tatu, mwanachama akinunua simu ya wizi kwa makusudi, ajieleze mbele ya mkutano.

Ng'ombe hanunuliwi gizani. Simu nayo vilevile.

USHIRIKA NI NGUVU. UKAGUZI NI NGAO.

Kamati ya Gazeti la Ukutani